Ugoro wa Korongo

Shangazi yangu Nyanchama alitengeneza ugoro mzuri kuliko wote uliouzwa kati ya Sosiot na Kaplong, na hakuna aliyepaswa kujua. Mume wake, Makori, alikuwa mzee wa kanisa kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, na kanisa lao, la watu wanaoshika Sabato, liliweka tumbaku kapu moja na pombe. Mshirika akipatikana na tumbaku alisimamishwa mbele ya watu, jina lake likasomwa, akakatwa ushirika. Aliyesoma majina hayo ni Makori mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyejua kusoma bila kutafutatafuta herufi kwa kidole. Habari hii nimeisikia kwa shangazi mara nyingi, na kila mara nimemkasirikia mtu tofauti. Leo naiandika nikiwa nimewakasirikia wote.

Walitoka milima ya Kisii mwaka 1927, mashamba ya chai yalipokuwa yakimeza watu kwa mamia. Makori akawa nyapara wa wachumaji. Mwaka uliofuata wakabatizwa, na Nyanchama akaacha ugoro aliofundishwa na nyanya yake. Aliuacha kwa moyo safi, sitaki mtu amsingizie. Kisha ikaja ile miaka mibaya: chai ikashuka bei huko ng'ambo, mishahara ikakatwa huku, na nyumbani Kisii nzige wakala hata majani ya kuezekea. Mwana wao Nyang'au alikuwa shule ya bweni ya misheni, na misheni ilitaka karo hata kama nzige wamekula. Makori aliomba. Nyanchama naye aliomba, halafu akaenda Sosiot kumtafuta Loice Akeyo.

Loice alikuwa Mjaluo aliyehamia kutoka upande wa ziwa. Alikuwa na kiduka cha mabati sokoni, na dhehebu lake halikuwa na neno na tumbaku. Nyuma ya duka hilo, kila Jumanne, Nyanchama alisaga majani makavu juu ya jiwe, akachanganya magadi na tone la samli, akachekecha kwa kitambaa mara tatu. Wengine walichekecha mara moja na kuita kazi imekwisha. Ugoro wake ulikuwa laini kama unga wa wimbi, na mzee wa Kipsigis akivuta kidogo alikaa kimya kwanza, machozi yakimlengalenga, ndipo akasema bei ni sawa.

Waliutia katika mikebe midogo ya mafuta ya kujipaka, iliyooshwa kwa maji moto. Juu ya kila mkebe Nyanchama alibandika karatasi yenye picha ya korongo mwenye kishungi, ndege ambaye kule hutembea mashambani kwa maringo utadhani ameajiriwa kuwa nyapara. Muhuri wa picha aliuchonga mwenyewe kwa kipande cha mti, wino akaufanya kwa masizi. Haukupita mwaka, watu hawakuomba ugoro tena. Walisema, "Nipe korongo." Jina lake halikuwa popote, na hivyo ndivyo alivyotaka. Alinawa mikono kwa majivu na ndimu, akajitwika kikapu cha sukuma wiki, akarudi laini akiwa mke wa mzee wa kanisa.

Makori alijua? Shangazi alisema mumewe alikuwa na pua kama ya watu wengine. Jumanne jioni alipiga chafya mara mbili, akafungua dirisha, akaongea habari za mvua. Karo ya Nyang'au ilipolipwa hakuuliza imetoka wapi. Nikisikia sehemu hii ndipo namkasirikia yeye.

Mambo yaliharibika mwaka 1934. Mzee mmoja alifika dukani kwa Loice akiwa ameshika kitambaa chenye damu puani, akaweka mkebe wa korongo juu ya meza. Loice akaufungua. Ndani mlikuwa na majivu mengi na tumbaku kidogo, na korongo aliyechorwa juu alikuwa na miguu mifupi kama bata. Mkebe ulitoka kwa Kebaso, mfanyabiashara aliyefungua duka upande wa pili wa soko. Kebaso alitoka kijiji kimoja na Makori. Alimjua Nyanchama, alijua anachofanya kila Jumanne, na zaidi ya yote alijua kwamba hawezi kupiga kelele.

Loice alimwendea na mkebe ule mkononi. Kebaso hakukana.

"Kama hii ndege ina mwenyewe, ajitokeze," alisema. "Aje hapa sokoni aseme, korongo ni yangu. Mimi nitaacha siku hiyo hiyo."

Wateja walianza kunusa kila mkebe kabla ya kununua, kisha wakaacha hata kunusa. Kisha habari mbaya zaidi ikaja kutoka bomani Kericho. Karani mmoja, Phelix Okeyo, alimwambia Loice kwamba Kebaso alikuja kuuliza habari za kusajili chapa ya korongo. Ofisi iko Nairobi, fomu inajazwa bomani, tangazo linachapwa kwenye gazeti la serikali na kubandikwa ubaoni ili mwenye pingamizi ajitokeze. Baada ya hapo chapa ni ya aliyeandikwa, na mwingine akiitumia anashtakiwa.

"Kebaso akiandikwa kwanza," Loice alimwambia shangazi, "wewe ndiye utaitwa mwizi, Mama Nyang'au. Mwizi wa ndege uliyechonga kwa mkono yako."

"Basi andika jina lako."

Loice alitikisa kichwa. Alikuwa amekwisha kuuliza. "Mwanamke mwenye bwana anaandikwa kwa jina ya bwana yake. Ukiniandika mimi umeandika Okoth, na Okoth unamjua. Leo amekunywa, kesho ameuza hiyo korongo kwa Kebaso kwa chupa mbili. Mimi siwezi kukufanyia hiyo."

Nyanchama aliirudia hesabu hiyo njia nzima kurudi laini. Akiacha mambo yalivyo, Kebaso atachukua chapa, na ugoro umekwisha, na Nyang'au atarudi nyumbani kabla hajamaliza masomo. Akiandikisha, jina litakaloandikwa ni la Makori, mzee wa kanisa, mfanyabiashara wa tumbaku, limechapwa na kubandikwa bomani ambako kila mtu wa laini hupita kulipa kodi. Alijiona kama ng'ombe aliyeingizwa kwenye josho: nyuma kuna wenye fimbo, na mbele ni dawa tu.

Kulikuwa na njia moja, kumwambia mumewe. Ijumaa mchana, Makori akipiga viatu rangi kwa ajili ya Sabato, alikaa karibu naye.

"Baba Nyang'au, nina neno."

Makori hakuinua kichwa. "Ni neno la nyumbani ama la kanisa?"

"Sijui linakaa wapi."

Brashi ilisimama. "Kama nikilisikia nitalazimika kulipeleka mbele ya wazee, usiniambie."

"Na mimi nifanye nini nalo?"

"Omba," alisema, akaendelea na kiatu cha pili.

Mtu anaweza kusema alikuwa akimlinda. Shangazi alisema hivyo, hata uzeeni. Mimi naona alikuwa akilinda viatu vyake.

Jumatano iliyofuata, Nyanchama na Loice walitembea hadi Kericho. Phelix Okeyo alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu, na hakumjua Nyanchama. Alichovya kalamu, akaanza kumsomea fomu kwa Kiswahili. Jina. Kabila. Makazi. Kazi.

"Bwana yako anaitwa nani, mama? Ndiye nitaandika hapa juu."

"Asiye na bwana anaandikwaje?"

"Mjane anaandikwa mwenyewe." Phelix alimtazama. "Wewe ni mjane?"

Loice alimkanyaga mguu chini ya meza. Mpaka leo hatujui kama alimkanyaga aseme ndiyo au aseme hapana. Waligombana juu ya jambo hilo miaka na miaka. Nyanchama alisema ndiyo.

"Pole, mama. Jina la marehemu?"

Hapo hakuwa amefikiri. Angeweza kutaja jina lolote, Kisii imejaa wanaume. Lakini kumtaja mwanamume mwingine kuwa mume wake, ulimi ulikataa. Aliniambia ilikuwa kama kuambiwa avue nguo pale ofisini. Akasema, "Makori." Karani akaandika. Nyanchama akashika Biblia, akaapa kwamba aliyoyasema ni kweli, akatia dole gumba.

Msidhani hakujua alichokifanya. Katika ukoo wa Makori, mtu akitangazwa amekufa naye yu hai, havuki kizingiti cha nyumba yake mpaka kondoo achinjwe pale mlangoni na akanyage damu. Akiingia hivihivi, kile kifo kilichotajwa huingia pamoja naye. Mama mkwe wake, Bitutu, alimsimulia hayo tangu akiwa bibi harusi. Lakini Nyanchama, asiyejua kusoma, alijiambia kwamba kutangaza ni kazi ya mdomo. Hii ilikuwa karatasi, tena ya Kizungu, itakayobandikwa kwa ajili ya Wazungu na makarani. Maneno yaliyokaa kimya kwenye karatasi, alisema moyoni, hayajasemwa.

Makori ndiye aliyeyasema. Ilikuwa Januari, msimu wa kodi, na mstari wa watu bomani ulizunguka jengo mara mbili. Alikuwa amesimama karibu na ubao wa matangazo, na watu wa laini, walipomwona, walifurahi. "Mzee, tusomee, siku ni refu." Makori hakuwahi kukataa ombi la kusoma. Alisoma tangazo la chanjo ya ng'ombe, akalifasiri kwa sauti ile ya kanisani. Akasoma la daraja lililobomoka. Kisha akafika kwenye lenye picha ya korongo, na watu wakacheka kwa furaha, maana ndege huyo walimjua.

"Chapa ya ugoro," alisoma. "Mwombaji, Nyanchama, wa Sosiot, mjane wa marehemu Makori."

Aliyamaliza maneno yote kabla hayajamfikia. Mstari mzima uligeuka kumtazama. Watu wa Kisii walikuwa wengi pale, na wawili walikuwa wakirudi nyumbani kesho yake.

Nyanchama alikuwa akichambua maharagwe nyumbani, mlango wazi, mtu aliposimama nje akasema, "Hodi."

Aliitambua sauti, akacheka kidogo akidhani ni utani. "Ingia, nani amekufukuza kwako?"

"Kwangu wapi? Hapa ni kwa mjane. Nimesoma bomani. Nimewasomea watu."

Maharagwe yalimwagika. Nyanchama alienda hadi mlangoni, wakatazamana, yeye ndani, mumewe nje.

"Nilitaka jina lako likae mbali na tumbaku," alisema.

"Nilikukataza kuniambia. Sikukutuma uniue."

"Ungenisikiliza siku ile."

"Ningekusikiliza, ningekusoma jina mbele ya kanisa."

"Afadhali ungenisoma mimi, Baba Nyang'au, kuliko kujisoma wewe."

Mvua ya alasiri, ambayo kule haikosi, ilianza kupiga mabati. Nyanchama alimwambia aingie, analowa. Makori aliutazama ule ubao wa kizingiti, ambao alikuwa ameupigilia misumari mwenyewe, kwa muda mrefu. Kisha akageuka akaenda kuomba kitanda katika laini ya makapera.

Wiki mbili zilifuata ambazo shangazi alisema zilimzeesha. Bitutu alituma mjumbe kutoka Kisii: mwanangu asithubutu kuingia bila kondoo. Wazee wa kanisa nao walikutana, wakamkata Nyanchama kwa tumbaku na kwa kiapo cha uongo, na wakampa Makori ushauri, kwa huruma kabisa: kondoo ni ushenzi, wewe ingia kwa maombi. Na Makori, aliyehubiri miaka sita kwamba kondoo ni kitoweo tu, alifika mlangoni kila jioni, akaweka mkono kwenye mwimo, akashindwa kuinua mguu. Akichinja, si mzee wa kanisa tena. Asipochinja, aliogopa, na aliona haya kwamba anaogopa. Nyanchama alimwekea chakula juu ya kizingiti. Alikula akiwa amechuchumaa nje, akiipa nyumba mgongo. Wachumaji wake walipita njiani na vikapu vyao wakatazama pembeni.

Nyanchama alimwendea Phelix kuuliza kama karatasi inaweza kurudishwa. Karani alifunga mlango kwanza. "Mama, ukisema ulidanganya, hiyo ni kiapo ya uongo. Ni jela. Afadhali unyamaze." Kwa hiyo akanyamaza, kama alivyofundishwa na kila mtu.

Mwishowe Makori alituma neno: Ijumaa jioni, kabla ya Sabato, atakuja na wazee wawili, wataomba, naye ataingia. Nyanchama alifagia nyumba mara mbili. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne askari wa boma alifika laini na wito. Kebaso alikuwa ameweka pingamizi: mwombaji si mjane, mume wake ni nyapara, anaitwa Makori, yu hai, na boma limwite.

Walisimama mbele ya meza ya bwana msaidizi wa DC siku ya Jumatano, Kebaso upande mmoja, Nyanchama na Loice upande mwingine, Makori katikati na kofia mkononi. Phelix alifasiri, na jasho lilimtoka. Makori alipewa Biblia. Katika maisha yake yote, shangazi alisema, hajapata kumsikia mtu huyo akisema uongo, hata wa kumsifu mtoto mbaya. Akisema ndiyo, huyu ni mke wangu, Nyanchama anatoka pale kwenda jela. Nyanchama aliangalia sakafu. Alikuwa na hakika kwamba angesema ndiyo, na hakumlaumu.

"Bwana anauliza," Phelix alisema, "wewe ni mume wa mwanamke huyu?"

Yule bwana aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Mume wa mwanamke huyu alikufa," Makori alisema. "Tangazo lake nililisoma mwenyewe, hapo nje, mbele ya watu."

"Na wewe si Makori?"

"Ni Makori. Kisii tuko wengi wenye jina hilo."

"Wewe ni nani kwake?"

"Tunajuana, bwana. Tulitoka upande mmoja."

Kebaso alianza kupaza sauti, akaambiwa afunge mdomo. Bwana msaidizi alikuwa na mashauri mengine kumi na mawili ya kusikiliza. Pingamizi likatupwa, na kalamu ikapita juu ya karatasi. Korongo akawa wa Nyanchama, mbele ya sheria, na Kebaso akapewa siku saba za kuondoa mikebe yake.

Nje, Loice alienda kando akajifanya anafunga kitambaa. Nyanchama alimkaribia mumewe. Alisema miguu yake ilikuwa myepesi, kwa sababu alifikiri balaa limepita.

"Njoo nyumbani leo," alimwambia. "Tusingoje Ijumaa. Nitanunua kondoo, ama uje na wazee wako waombe, chagua wewe. Mimi nitafungua mlango tu."

Makori aliivaa kofia yake polepole.

"Kondoo ni wa mtu aliyetajwa na wengine," alisema. "Mimi nimejitaja mwenyewe."

"Basi maombi."

"Nimeshika Biblia, Nyanchama, nikasema wewe si mke wangu. Nikiingia kwako Ijumaa, nitakuwa nimeingia kwa mke wa nani?"

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake tangu Nyang'au azaliwe. Pale bomani watu walikuwa wakipita na risiti zao za kodi. Makori alinyoosha mikono, akaushika mkono wake kwa yote miwili, jinsi mtu anavyomshika mfiwa.

"Pole, mama," alisema, akashika njia ya laini ya makapera.